AFYA YA MAMA: Chunusi Zimekwisha, Madoa Yamebaki

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazouliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mama wa Igoma anasema chunusi zake zilikoma baada ya kumwachisha ziwa mtoto wake wa pili, lakini zimemwachia madoa meusi mashavuni, naye anaona haya kupiga picha na wenzake. Mama wa Nansio, Ukerewe, anamwombea binti yake wa miaka kumi na saba, ambaye chunusi zimemchimba vishimo. Wa tatu hakutaja anakoishi. Ameelezwa na jirani kwamba kuna krimu ya "vitamini A" inayofuta yote hayo, na sherehe ya mdogo wake iko karibu. Mwishoni kabisa mwa barua ameandika, kama jambo dogo tu, kwamba ana mimba ya miezi minne.

Nianze na huyo wa tatu. Dada yangu, usiipake. Kama umekwisha kuinunua, iweke mahali ambapo watoto hawafiki, isubiri mpaka baada ya uzazi. Na kama umeipaka siku mbili tatu kabla ya kusoma ukurasa huu, usishikwe na hofu ya kukukosesha usingizi. Kiasi kinachopenya ngozini na kuingia katika damu ni kidogo sana, na wanawake waliofuatiliwa baada ya kuipaka bila kujua kuwa ni wajawazito hawakuonekana kuzaa watoto wenye kasoro kuliko wengine. Iache tu, na siku ya kliniki umweleze mkunga. Tunakukataza kwa sababu dawa hiyo ina ndugu yake wa kumeza, aitwaye isotretinoini, aliyeanza kutumika Marekani mwaka 1982 kwa chunusi sugu. Huyo anajulikana bila shaka yoyote kwamba humharibu mtoto tumboni: masikio, moyo, hata ubongo. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa hiyo bila kupimwa mimba kwanza na kuwa na njia madhubuti ya uzazi wa mpango. Kwa sababu ya ndugu huyo, madaktari hawapendi kubahatisha na jamii nzima ya dawa hizi wakati wa ujauzito, hata zile za kupaka. Ukihitaji kitu wakati huu, mwulize daktari juu ya krimu ya asidi ya azelaiki, ambayo hutumika kwa chunusi na madoa na ambayo madaktari huwaruhusu wajawazito.

Sasa tuje kwa mama wa Igoma. Kabla ya kutafuta dawa, mama, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, kisha fumba macho upitishe kidole taratibu juu ya doa. Kama kidole hakisikii kitu, ngozi ni laini kama sehemu nyingine, basi hilo ni doa la rangi, wala si kovu. Ngozi yetu sisi watu weusi ina rangi nyingi, na kila inapochokozwa na kidonda, hata kidogo kama chunusi, humwaga rangi zaidi mahali pale. Kama kidole kinatumbukia, hapo nyama ya chini ya ngozi imepungua, na hicho ni kishimo, yaani kovu hasa. Na kama kinapanda juu ya uvimbe mgumu, hilo ni kovu la kuinuka, ambalo krimu tunayoizungumzia si dawa yake. Hilo huchomwa sindano na daktari wa ngozi.

Wengi wetu tunayaita yote matatu "makovu", na hapo ndipo fedha zetu zinapoanza kupotea. Doa la rangi hufifia lenyewe. Linachukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, lakini hufifia, mradi lisichokozwe upya. Kishimo hakijazi chenyewe.

Dawa yenyewe ni ya jamii inayoitwa retinoidi, nayo kweli inatokana na vitamini A. Ndiyo vitamini ile ile ambayo watoto wetu walio chini ya miaka mitano hudondoshewa mdomoni mara mbili kwa mwaka pamoja na dawa ya minyoo. Lakini msije mkadhani kwamba kumeza matone ya mtoto au kula maini kila siku kutaondoa madoa usoni. Viazi lishe vile vya rangi ya chungwa ni chakula kizuri sana kwa nyumba nzima (hata michembe yake, ingawa jua la kuanikia hupunguza vitamini hiyo), ila kazi ya retinoidi hufanyika pale pale ilipopakwa. Huzihimiza chembe za ngozi zizaliwe na kupukutika haraka zaidi, hivyo rangi iliyomwagika hutoka pamoja nazo. Huzuia matundu ya ngozi yasizibe, na ikitumika kwa muda mrefu huiamsha ngozi ya ndani itengeneze upya nyuzi zinazoishikilia.

Ya kwanza kupata sifa ni tretinoini, iliyokubaliwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971 kwa kazi ya Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. (Jina la daktari huyo nalo lina doa lisilofutika: kwa miaka mingi aliwajaribia dawa wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao watu weusi.) Nyingine ni adapaleni, iliyo laini zaidi kwa ngozi, ambayo tangu mwaka 2016 Wamarekani huinunua bila cheti cha daktari.

Je, inafanya kazi kwa ngozi nyeusi? Swali hili lilijibiwa vizuri mwaka 1993. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwachukua watu weusi 54 wenye madoa kama ya mama wa Igoma. Wengine wakapaka tretinoini, wengine wakapaka krimu tupu isiyo na dawa, kwa wiki 40, bila kuambiwa nani ana ipi. Mwisho wake, kati ya waliopaka dawa, 92 kwa mia walionekana madoa yao yamefifia. Kati ya waliopaka krimu tupu walikuwa 57 kwa mia.

Itazameni vizuri hiyo 57, kwa maana hakuna mwuza krimu atakayewatajia. Zaidi ya nusu ya watu waliopaka kitu kisichokuwa na dawa yoyote walipata nafuu, kwa sababu muda ulipita na ngozi ikajitengeneza. Ndiyo maana kila krimu ya mtaani ina mashahidi wake. Tazameni pia zile wiki 40: ni miezi tisa, sawasawa na kubeba mimba. Anayewaahidi wiki mbili kabla ya "send-off" anawauzia kitu kingine. Na nusu ya waliopaka dawa halisi walibabuka ngozi, ikawa nyekundu na kupukutika, hasa mwanzoni. Wengi huiacha hapo wakidhani imewadhuru, au huiongeza wakidhani haitoshi.

Kwa ambaye si mjamzito wala hatarajii kushika mimba hivi karibuni, na ameandikiwa na daktari, matumizi yake ni haya. Dawa hupakwa usiku. Nawa uso kwa sabuni laini na maji, bila kusugua kwa kitambaa kigumu, kisha subiri ngozi ikauke kabisa, dakika ishirini hivi, maana juu ya ngozi mbichi huwasha zaidi. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere, nayo itoshe uso mzima. Isiwe punje kwa kila doa! Epuka macho, pembe za mdomo na pua. Wiki mbili tatu za kwanza paka usiku mmoja na kuruka miwili, ngozi ikizoea ongeza. Ikikauka sana, paka mafuta yako mepesi juu yake. Chunusi zinaweza kuongezeka kidogo katika wiki za mwanzo, kisha zipungue. Usihukumu kabla ya wiki kumi na mbili. Na wakati huo weka kando limau, dawa ya meno, kujifukiza mvuke na kila kinachosugua. Limau usoni ni mkosi hata bila dawa hii, kwa kuwa maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko lile uliloanza nalo.

Jua nalo lina neno lake kwetu sisi wa kandokando ya ziwa. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali kuliko hali ya hewa ya upepo inavyotudanganya. Mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze anapigwa na jua toka juu na toka majini, tangu asubuhi hadi jioni. Retinoidi huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua, na jua ndilo linalokoleza doa. Ukipaka usiku na mchana ukakaa juani uso wazi, unachota maji kwa pakacha. Kofia pana ya ukindu au mtandio uliovutwa mbele ni kinga ya kwanza, na ni bei nafuu. Mafuta ya kukinga jua ni kinga ya pili. Wengi wetu tunayafahamu kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao hutengenezewa yao, Kilisun, pale KCMC Moshi. Hayo ni haki yao na wao ndio wenye shida kubwa, tusiwaombe; sisi tununue yetu dukani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia uchungu, nalo ni mkorogo. Jirani anaposema "krimu ya vitamini A", mara nyingi anachokuonyesha ni mkebe usio na jina, au wenye jina zuri na maandishi madogo, uliochanganywa nyuma ya duka. Asili ya mchanganyiko mmojawapo ni ya kitabibu. Mwaka 1975 Daktari Kligman na mwenzake walichapisha dawa ya madoa yenye vitu vitatu: tretinoini, haidrokwinoni na steroidi. Ilikusudiwa itumike chini ya macho ya daktari, kwa muda, kisha isimamishwe. Mtaani vitu hivyo vinakorogwa bila kipimo na kupakwa mwili mzima kwa miaka. Steroidi ndiyo inayodanganya: wiki ya kwanza chunusi zinalala, uso unang'aa, mume anasifia. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana, ndevu zinaota, na chunusi zinarudi kwa wingi mtu anapojaribu kuacha. Haidrokwinoni nayo ikizidi huleta weusi wa bluu usiotoka.

Na iko zebaki. Hili halikutokea mbali. Miaka ya 1990 wataalamu, akiwamo Daktari Masazumi Harada wa Japani aliyejulikana kwa kuwashughulikia wagonjwa wa zebaki wa Minamata, walikuja huku kwetu kuchunguza kama machimbo ya dhahabu yanawatia watu sumu hiyo. Walipima nywele za watu 272: wachimbaji, wavuvi na jamaa zao, na wakazi wa mji wa Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Wengi walikuwa salama, na samaki wetu hawakuonekana kuwa ndio tatizo. Lakini wachache walikuwa na kiasi kikubwa mno, wakiwamo ambao hawakuwahi kushika kazi ya machimbo. Aina ya zebaki iliyokutwa haikuwa ile ya kutoka kwa samaki. Kidole kikaelekezwa kwenye sabuni za kung'arisha ngozi. Sabuni za namna hiyo zilitengenezwa Ulaya na kuletwa kwetu, wakati huko kwao kuziuza kulikuwa kumekatazwa.

Zebaki hukaa katika figo. Madaktari wa Nairobi waliandika mwaka 1972 kwamba kati ya wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, zaidi ya nusu walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mjamzito akiipaka humfikia na mtoto. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2003 iliweka vipodozi chini ya udhibiti, na vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi ni marufuku kuuzwa kama vipodozi. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Marufuku ipo, na mikebe ipo. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa uso wako ni macho yako mwenyewe. Soma maandishi. Ukiona neno linaloishia na "-sone" au "-sol" kama betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, irudishe. Ukiona "mercury", "mercuric" au "mercurio", usiiguse. Kama hakuna maandishi kabisa, huna cha kusoma, basi huna cha kununua.

Aliyekwisha kuzama katika mkorogo asijifiche kwa aibu. Kuacha ghafla baada ya miaka huleta moto usoni, na daktari anaweza kumshusha hatua kwa hatua. Tusiwacheke akina mama hawa kanisani wala sokoni. Wengi walianza kwa doa moja la chunusi, kama wewe na mimi.

Nimekuja mwisho kwa binti wa Nansio, ingawa kwa maoni yangu yeye ndiye anayepaswa kuhudumiwa upesi kuliko wote, kwa sababu chunusi zake bado zinawaka. Kila chunusi kubwa inayoiva leo inaweza kuwa kishimo cha mwakani. Kwa hiyo, mama, usimwambie kwamba ni umri na zitakwisha akiolewa. Mwambie asikamue. Mwondolee mafuta mazito ya mgando usoni, na mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Kisha mpeleke hospitali. Kwa vishimo vya juu juu, retinoidi inasaidia kiasi: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliojaribu adapaleni pamoja na benzoili peroksaidi kwenye nusu moja ya uso na krimu tupu kwenye nusu ya pili, na baada ya wiki 24 upande wenye dawa ulikuwa na vishimo vichache kuliko ule mwingine. Sehemu ya faida hiyo ilikuwa kuzuia vishimo vipya. Vile virefu vyembamba, kama vilivyochomwa kwa sindano, krimu haivifikii. Hivyo hushughulikiwa kwa vyombo na daktari bingwa, na bado havifutiki vyote. Umweleze binti ukweli huo mapema, asije akaunguza uso akitafuta ngozi ya kwenye kalenda.

Kwa Mwanza, anzeni Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu, ombeni kuonana na mhudumu anayeshughulikia ngozi, na inapobidi mtaelekezwa Bugando. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992, na wanafunzi wake wametawanyika mikoani, kwa hiyo si lazima kila mtu asafiri hadi Moshi. Mkifika, chukueni pamoja nanyi kila mkebe na kila tyubu mliyowahi kupaka, hata ile ya kuona haya. Daktari atapata mengi humo kuliko katika maelezo.

Na tyubu ya tretinoini mkiandikiwa, inunueni katika duka la dawa lenye mfamasia, si kwenye meza ya barabarani: mwanga na joto huiharibu dawa hiyo, na iliyokaa juani tangu asubuhi huenda imekwisha nguvu kabla hamjaifungua. Nyumbani iwe kabatini, kifuniko kimekazwa. Kwa kipimo cha njegere, tyubu moja ndogo hukaa muda mrefu.